Walitulia, tukadhani wameshiba: kisa cha watoto sita wa mbwa waliofiwa na mama

Simu iliingia saa tatu usiku, Jumatano, katikati ya mwezi wa saba. Nilikuwa nimeshajifunika blanketi mbili, maana Njombe mwezi huo mtu hakai sebuleni kwa hiari yake. Aliyepiga ni mama mmoja ninayemhudumia ng'ombe wake wawili wa maziwa. Mbwa wake jike amegongwa na lori jioni ile kwenye barabara ya Songea, amekufa palepale, na ameacha watoto sita waliozaliwa alfajiri ya Jumapili. Nyuma ya sauti yake niliwasikia wakilia, ule mlio mwembamba unaokwaruza sikio.

"Dokta, niwape maziwa gani?"

Mimi ni bwana mifugo tu, lakini huku kwetu ukishika bomba la sindano unaitwa dokta. Nikamjibu nilichoulizwa. Chukua maziwa ya ng'ombe, changanya nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu, wape kwa kijiko kidogo kidogo, asubuhi nitapita. Nikaweka simu chini, nikalala.

Nimekipitia kisa hiki mara nyingi tangu siku ile, na kila nikirudi nagota palepale. Swali la maziwa gani halikuwa swali la kwanza. Mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo, si yule mama.

Nilifika saa mbili asubuhi, nje nyasi bado zina umande wa baridi kali. Binti wa nyumba, anasoma kidato cha pili na yuko likizo, alinipokea mlangoni kwa shikamoo ya sauti ya chini, macho mekundu. Alikesha. Aliniambia walipowapa maziwa mara ya kwanza, saa tatu na nusu, walilia bado. Mara ya pili, saa sita, kilio kilipungua. Mara ya tatu, saa tisa, hawakulia kabisa. Maziwa waliyomimina mdomoni yaliingia bila fujo. "Walitulia, tukadhani wameshiba," alisema. Bibi yake, aliyekuwa akiota moto jikoni, akaongeza, "Tukasema Mungu mkubwa, wamekubali."

Alfajiri walikuta wawili wamekufa. Wanne walikuwa hai, kwa maana kwamba ukimshika mmoja ubavuni unahisi moyo.

Walilazwa kwenye kiroba cha mbolea kilichokunjwa, chini sakafu ya saruji, kwenye stoo nyuma ya jiko. Siku tatu za mwanzo pale palikuwa mahali pazuri, kwa sababu mama yao alikuwepo. Mama ndiye godoro, ndiye jiko, ndiye blanketi. Alipoondoka, kilichobaki ni saruji ya Njombe usiku, na usiku wa mwezi wa saba huku kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10.

Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Hajui hata kutetemeka. Uwezo huo huja baada ya siku kadhaa. Hana mafuta ya maana chini ya ngozi. Joto lake la kawaida wiki hiyo ni kama nyuzi 35 hadi 37, tofauti na mbwa mkubwa mwenye 38 na zaidi, na hilo nalo analipata kwa kulala ubavuni mwa mama na ndugu zake. Ukimwacha peke yake kwenye baridi anashuka kama chai iliyosahaulika mezani. Kwanza analia. Akishuka zaidi, kilio kinakatika, si kwa sababu ametosheka, bali hana tena nguvu ya kulia.

Nikawapima wale wanne kwa kipimajoto cha kidijitali, kwa njia ya haja kubwa, ncha yake nimeipaka mafuta. Mkubwa kati yao, dume jeusi, alisoma 34.0. Wa pili, jike la kijivu, 33.1. Wa tatu, mwenye baka jeupe kifuani, 32.4. Wa nne, mdogo kuliko wote, 31.6.

Kabla ya kuwagusa zaidi niliomba ruhusa ya kuwapasua wale wawili waliokufa. Bibi hakupenda, mama mwenye nyumba alikubali. Niliwapasua nje, juu ya mfuko wa nailoni, binti akiwa amesimama nyuma yangu. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia.

Wa kwanza: tumbo la chakula limejaa mpaka limevimba. Nilipolichana yakatoka mabonge ya maziwa yaliyoganda, meupe, yananuka uchachu. Yalikuwa maziwa ya saa tatu na nusu, ya saa sita na ya saa tisa, yote pamoja, hayajasogea. Utumbo uliofuata ulikuwa mtupu, mwembamba kama uzi wa kiatu. Mtoto huyo alikufa na njaa akiwa na tumbo lililojaa.

Wa pili hali ileile tumboni, na zaidi ya hapo, nilipofungua njia ya hewa nikakuta maziwa ndani yake, yenye povu, na sehemu ya chini ya mapafu ikiwa nyekundu iliyoiva na nzito. Alipaliwa.

Joto la mwili wa kitoto likishuka chini ya nyuzi 34 au 35 hivi, utumbo unaacha kufanya kazi. Chakula hakisukumwi mbele. Kinabaki tumboni kinachacha, kinajaza gesi, kinarudi juu, na mtoto asiye na nguvu ya kumeza anakivuta mapafuni. Nguvu ya kunyonya nayo inazimika. Ndiyo maana saa tisa usiku maziwa yalipita bila fujo: hayakuwa yanamezwa, yalikuwa yanatiririka. Wangeweza kuwa na maziwa bora kuliko yote duniani, yaliyokamuliwa kwa mama yao mwenyewe, na mwisho ungekuwa uleule.

Basi kazi ya asubuhi ile ilikuwa kutowalisha. Kumwambia bibi mwenye huruma, aliyeona watoto wa mbwa wake wakifa njaa, kwamba asiwape kitu kwa saa mbili au tatu, ni kazi ngumu kuliko kupasua. "Mwanangu, unawanyima?" Nikamwambia ndiyo, bibi, nawanyima kwa sasa.

Tulitafuta boksi la mafuta ya kupikia, tukaliweka juu ya mbao ili lisiguse sakafu. Chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu zikajazwa maji ya moto, si ya kuchemka, kila moja ikavishwa soksi nene na kuzungushiwa kipande cha kanga. Tukazilaza upande mmoja wa boksi na kuacha upande wa pili bila kitu, ili mtoto akizidiwa na joto apate pa kukimbilia. Anayefuga vifaranga anaijua kanuni hii: ukiona wamerundikana chini ya taa, wana baridi; wakitawanyika pembeni, wana joto mno. Kwa wiki ya kwanza lengo ni kama nyuzi 30 hivi pale wanapolala, kisha unapunguza kadiri siku zinavyoenda. Chupa zilibadilishwa kila zilipoanza kupoa, karibu kila saa mbili, usiku na mchana.

Mama mwenye nyumba alitaka kuleta jiko la mkaa ndani ya stoo na kufunga mlango. Hapana. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu huku kwetu kila msimu wa baridi, sembuse kitoto cha gramu mia tatu.

Kuwapasha joto nako hakutaki papara. Ukimtumbukiza mtoto aliyepoa kwenye maji ya moto au kumsogeza karibu sana na moto, mishipa ya damu ya ngozini inafunguka ghafla, damu inakimbilia nje, moyo unashindwa. Tuliwapasha polepole, tukiwageuza kila baada ya dakika chache. Mdogo niliomba binti amweke kifuani chini ya sweta, ngozi kwa ngozi. Kila nusu saa nilipaka matone mawili matatu ya maji ya glukosi kwenye fizi, kwa ncha ya kidole, kiasi cha kulowanisha tu. Hao watoto hawana akiba ya sukari mwilini. Saa chache bila kunyonya zinatosha kuwamaliza.

Saa nne na nusu yule mweusi alisoma 35.8 na akaanza kulia. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile. Nilimtia kidole safi mdomoni, akakibana kwa ulimi na kukivuta. Hapo ndipo mtu anapouliza maziwa gani.

Sasa hesabu, kwa sababu kosa langu la pili lilikuwa la hesabu. Nilileta mizani ya jikoni. Mweusi gramu 310, Kijivu 285, Baka 262, mdogo 228. Mtoto wa umri huo anahitaji takriban kilokalori 20 hadi 26 kwa siku kwa kila gramu 100 za uzito. Kijivu, basi, anataka kama 63. Tumbo lake linabeba karibu mililita 4 kwa kila gramu 100, kwa hiyo mlo mmoja usizidi 11. Maziwa ya ng'ombe yana kama kilokalori 65 kwa mililita 100. Ukimpa hayo matupu, atahitaji karibu mililita 97 kwa siku, yaani 12 kila baada ya saa tatu: tumbo limeshafika ukingoni. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na maji kama nilivyoagiza, atahitaji 24 kila mlo. Hazina pa kuingia. Ama anakufa njaa taratibu, ama unamjaza mpaka anapaliwa. Ushauri wangu wa simu haukuwa na njia ya tatu.

Nilikotoa ushauri huo napajua. Tumezoea kwamba maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa mtoto mchanga, lazima yazimuliwe. Kwa mbwa mambo ni kinyume. Maziwa ya mbwa yana mafuta kama asilimia 9 na protini 7 au 8. Ya ng'ombe yana mafuta 4 na protini 3 na kidogo. Sukari ya maziwa ndiyo iliyozidi kwenye ya ng'ombe, na hiyo ndiyo inayowaharisha. Kwa mtoto wa mbwa, maziwa ya ng'ombe tayari ni maji. Ya mbuzi hayana tofauti kubwa, ingawa kila mtu ana shangazi anayeapa kwamba yanaponya. Ya kopo yaliyotiwa sukari yasiguswe.

Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kama unaishi mjini penye duka la dawa za mifugo lenye kuyauza, nunua hayo, usihangaike. Sisi tulitengeneza la dharura: kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, yaliyochemshwa na kupoa, mililita 250, viini vitatu vya mayai, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya mahindi, chembe ya chumvi. Ute mweupe hautiwi, maana ukiwa mbichi unazuia vitamini moja isitumike mwilini. Piga hesabu utaona mchanganyiko huo unafika kama kilokalori 140 kwa mililita 100. Kijivu sasa anahitaji mililita 45 tu kwa siku, chini ya 6 kwa mlo. Inaingia, na nafasi inabaki. Ute wa mayai ulikaangiwa watoto wa nyumba, kwa hiyo hakuna aliyelalamika kuhusu gharama.

Siku ya kwanza hatukuwapa kiasi chote. Milo miwili ya mwanzo niliizimua na kuipunguza, kwa sababu utumbo uliolala haufai kushtuliwa.

Kuna jambo la mkao, na hapa ndipo binti alipojifunza haraka kuliko mimi nilivyojifunza chuoni. Usiku ule walikuwa wamewalisha chali, kichwa kwenye kiwiko, kama mtoto wa binadamu anavyonyweshwa uji. Mtoto wa mbwa hanyonyi hivyo. Analala kifudifudi, tumbo chini, kichwa kimeinuka kidogo, miguu ya mbele inasukuma. Ukimlaza chali unamwelekezea maziwa mapafuni. Tulitumia bomba la sindano la mililita 5 bila sindano, tone moja moja ulimini, tukingoja ameze. Maziwa yawe na joto la mwili. Dondoshea ndani ya kifundo cha mkono, usihisi baridi wala moto. Ukiona povu au maziwa puani, acha hapo hapo, mwinamishe kichwa chini, futa. Na ukishindwa kumwamsha anyonye, usimlazimishe. Rudi kwenye kipimajoto.

Baada ya mlo wa kwanza yule wa baka alianza kujinyonganyonga, tumbo la chini gumu kama limao. Binti akafikiri amepaliwa. Nikachukua pamba, nikailowesha maji ya uvuguvugu, nikampangusa taratibu sehemu ya haja, mipapaso mifupi kama ulimi. Mkojo ukatoka, wa njano iliyokolea, ukaendelea kutoka mpaka mkono wangu ukalowa. Hakuwa amekojoa tangu jana jioni. Kitoto cha mbwa hakiwezi kujisaidia chenyewe mpaka karibu wiki tatu, mama hukilamba. Hili hakuna aliyeniuliza kwenye simu, na mimi sikulisema. Ndilo kosa la tatu, na kwa aibu yangu ndilo jepesi kuliko yote kulirekebisha.

Niliuliza pia kama kuna mbwa mwingine aliyezaa karibu. Mama mlezi anashinda bomba, boksi na mizani vyote kwa pamoja. Alikuwepo, kilomita mbili hivi, ana watoto wa wiki tatu. Mwenyewe alikataa, mbwa wake kakonda, alisema, na akanionyesha mbavu. Sikumlaumu.

Bahati yetu moja ilikuwa ratiba ya ajali. Hawa walinyonya siku tatu kamili, kwa hiyo dang'a waliipata. Kinga karibu yote ya mtoto wa mbwa huja kwenye maziwa hayo ya kwanza, si tumboni mwa mama, na mlango wa utumbo unaopokea kinga hiyo hujifunga baada ya siku moja hivi. Mama angegongwa Jumapili asubuhi, ningeandika kisa kingine.

Mdogo alikufa Ijumaa usiku. Joto lake lilipanda mpaka 35.2, alinyonya mara nne kwa shida, kisha akaanza kupumua kwa mdomo wazi na kukoroma. Nilimpa dawa ya kuua vijidudu, bila matumaini makubwa. Naamini maziwa yalimwingia mapafuni usiku ule wa kwanza, lakini nilipofika asubuhi walikuwa wameshamzika chini ya mparachichi na sikuwa na moyo wa kuomba afukuliwe. Watoto wa umri huu hufa kwa mengi, kuna na virusi vinavyostawi hasa mwili unapopoa, na mtu akiniambia nimekosea chanzo cha kifo hiki sitabishana naye sana.

Watatu waliobaki walipimwa uzito kila asubuhi, kabla ya mlo, kwenye mizani ileile. Daftari lilikuwa la binti, la hesabu, kurasa za nyuma. Mtoto mzima anapaswa kuongeza asilimia 5 hadi 10 kwa siku. Asipoongeza siku moja unakodoa macho, akipungua unatafuta sababu siku hiyohiyo. Jumamosi Baka alipungua gramu 6. Sababu ilikuwa chupa: mama mwenye nyumba alikwenda gulioni, bibi akasahau kuzibadilisha, wakapoa tena. Safari hii walipoacha kulia, binti hakungoja. Alipima joto, akakuta 34.3, akawapasha saa nzima ndipo akawalisha. Nilikuja jioni nikakuta mambo yamekwisha.

Kuanzia wiki ya pili milo ya usiku ilipungua, kila baada ya saa nne. Macho yalifunguka siku ya 12 na 13. Siku ya 14 tuliwapa dawa ya minyoo, kwa kuwa minyoo ya mviringo huwaingia wakiwa bado tumboni mwa mama, na huambukiza hata watoto wa nyumba wanaocheza nao. Tukarudia kila baada ya wiki mbili. Wiki ya nne walianza kulamba uji wa mahindi uliochanganywa na maziwa yao, kisha ugali laini na mchuzi wa dagaa usiotiwa chumvi. Hapo hapana hadithi. Walikula, walikua, walitafuna kandambili za bibi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nimewapangia wakifika miezi mitatu. Mweusi ameshachukuliwa na jirani, mlinzi wa shamba la viazi. Na simu bado zinaingia, usiku zaidi kuliko mchana, na swali ni lilelile, niwape maziwa gani. Siku hizi namwambia anayepiga aingize kidole mdomoni mwa mtoto mmoja kwanza, aniambie kama ndani ni pa moto au pa baridi, nami nangoja kwenye laini mpaka arudi.